Usije na Yule

Wiki ya kwanza Khumbo Luhanga aliwafundisha akina mama wa Kazuwa kuimba. Yeye mwenyewe alidhani anawafundisha kusoma.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati limechomekwa vizuri, na alikuwa ametoka Mzuzu kwenye mafunzo ya walimu wa watu wazima. Huko mkufunzi alikuwa amewamwagia nadharia za kujifunza moja baada ya nyingine, na Khumbo alirudi nazo kijijini kama mtu aliyerudi na dawa. Ya kwanza aliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi: mtu hujifunza kwa kurudiarudia na kutuzwa. Akipatia, mpe kitu. Akikosea, usimpe. Kichwa chenyewe kitajua upande ulipo utamu.

Basi akanunua mfuko wa pipi, akaingia katika jengo la kanisa ambalo walipewa kwa alasiri, akaandika ubaoni: ba be bi bo bu.

"Ba be bi bo bu," wakaitikia akina mama.

"Tena!"

Mara ya tatu NyaHara alianza kupiga benchi kwa viganja. NyaHara alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani, na kitu chochote kilichorudiwa mara tatu mbele yake kiligeuka ngoma. Gogo NyaKumwenda, bibi mzee kuliko wote darasani, akasimama, akajifunga kitambaa chake cha chitenje kiunoni, akatoka mbele. Ba be bi bo bu, bu! Ba be bi bo bu, bu! Hadi siku ya nne kijiji kizima kilikuwa kinaimba, wanawake kisimani, wanawake kwenye vinu, na Khumbo alilala usingizi mtamu akijiona mwalimu hodari kuliko wote katika wilaya ya Rumphi.

Ijumaa akaweka fimbo kwenye bo. "NyaHara, hapa pameandikwa nini?"

"Ba," akasema NyaHara.

"Hapana, mama."

"Be."

"Tazama vizuri."

"Bi." NyaHara hakuwa akitazama ubao hata kidogo. Alikuwa akiitazama sura ya mwalimu. "Bo," akasema, na alipoona nyusi za Khumbo zimepanda, akapaza sauti, "Bo! Ni bo!" akanyoosha mkono apewe pipi yake.

Khumbo akawajaribu wote, mmoja mmoja. Walijua wimbo, na walijua nyusi zake. Zaidi ya hapo hawakujua kitu. Na pipi zilikuwa zimekwisha.

Akaiweka kando nadharia ile, akashika ya pili, iliyosema kwamba mtu si debe la kujazwa. Hujenga maarifa mapya juu ya yale anayoyajua tayari. Hii ilikuja na picha. Khumbo akabandika ukutani picha kubwa ya chungu, chini yake neno CHUNGU, akasema, "Haya, akina mama. Tuzungumze. Mnaona nini?"

Alilipata alilolitaka. Walizungumza. Walizungumza juu ya mdomo wa chungu kile, kwamba aliyekifinyanga alikuwa na haraka. Wakazungumza juu ya udongo. Halafu mmoja akakumbuka chungu alichomwazima jirani yake wakati wa msiba fulani, kikarudi kina ufa, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa benchi la pili. Siku ya tatu wanawake wawili hawakuwa wakisalimiana. Khumbo alipoifunika picha kwa kiganja na kuuliza lile neno la chini linasemaje, Gogo NyaKumwenda akalifikiria kwa makini, akajibu, "Linasema arudishe chungu cha watu."

Ikabaki nadharia ya mwisho, ile waliyofundishwa siku ya kufunga, wakati washiriki wote walikuwa wanawaza nauli. Mkufunzi alikuwa amesema: mtu mzima hujifunza kile anachokihitaji. Waulizeni.

Khumbo akauliza. "Akina mama, niambieni kweli. Mnataka kusoma nini?"

"Biblia," akasema mke wa mzee wa kanisa, kwa sababu walikuwa ndani ya kanisa.

"Maandishi kwenye mfuko wa mbolea," akasema mwingine.

Khumbo akaanza kuandika. NyaHara akasonya, sonyo refu lililozunguka ukuta mzima.

"Mwalimu mwanangu, tusidanganyane. Mimi nataka kusoma simu."

"Una simu, NyaHara?"

"Mimi sina. Mume wangu anayo."

Kanisa likalipuka. Msimu uliopita tumbaku ilikuwa imeuzwa vizuri, na karibu kila mwanamume Kazuwa alikuwa amenunua simu. Tangu hapo waume walikuwa wameanza kucheka peke yao nje ya nyumba, wakiangalia viganja vyao.

"Wangu anakwenda nayo hadi chooni," akasema mmoja.

"Wangu anailalia."

"Andika, mwalimu," akasema NyaHara. "Andika mpenzi, tuone sura yake."

Masikio ya Khumbo yalipata moto. Lakini nadharia ni nadharia. Akageukia ubao, akaandika: mpenzi. Kabla hajashusha mkono, akina mama wote walikuwa wameacha mabenchi, wamesongamana nyuma ya mgongo wake.

"Hilo ndilo? Kumbe ni dogo hivyo!"

"Andika nimekukumbuka."

"Andika usimwambie."

"Andika peke yako. Hilo lazima liwemo."

Khumbo hakupata kuona kitu kama kile. Wanawake walioshindwa kuitambua bo kwa wiki nzima waliondoka jioni ile wakiwa wanajua sura za maneno manne, na kesho yake walikuja wakiyajua bado, wakataka mengine. Siku moja Gogo NyaKumwenda alisogeza pua hadi karibu iguse ubao, akasema, "Mwalimu, huyu mpenzi na huyu mpunga wa jana mbona wameanza na kichwa kimoja? Ni ndugu?" Khumbo nusura amkumbatie. Hakuwafundisha yeye jambo lile. Walilivumbua wenyewe, kwa ajili ya kuwakamata waume zao.

Waume wakasikia. Mmoja akaanza kuificha simu juu ya dari la banda la tumbaku, mwingine akawa anakoga nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Mkuu wa kijiji, mtu wa kofia na maneno ya polepole, akamwita Khumbo barazani kwake.

"Kijana, serikali imekutuma ufundishe kusoma. Haikukutuma ufundishe upelelezi."

"Mkuu, mtu mzima hujifunza kile anachokihitaji."

"Basi wafanye wahitaji kitu kingine," akasema mkuu, na kikao kikaisha.

Khumbo alijaribu. Aliandika chanjo. Aliandika maji safi. Wakamtazama kama mtu aliyewapa sima bila kitoweo.

Alasiri moja NyaHara akaja amevaa blauzi ya mikono mirefu, jua kali vile. Hakupiga benchi, hakumtania mtu. Darasa lilipotulia akasimama, akakunja mkono wa blauzi hadi kwenye kiwiko. Ngozi yote ya ndani ilikuwa imejaa maandishi ya kalamu, yamepinda huku na huku, mengine yamepauka kwa jasho.

"Mume wangu Yotamu alikuwa anakoga, simu ameiacha," akasema. "Nimeyanakili kama nilivyoyaona. Maneno mengine nimeyajua, mengine sikuyajua. Nisaidieni, wenzangu."

Wakamzunguka. Khumbo alitaka kuwazuia, akashindwa, kwa sababu jambo lililokuwa linatokea mbele yake ndilo lililomleta Kazuwa. Wanawake walikuwa wanasoma. Huyu alitambua neno, yule alitambua nusu ya neno, wa tatu akakisia katikati. Wakafika mwisho. Aliyeandika, kwa mujibu wa simu, alikuwa Fundi Paa. Alisema: *Jana umenifurahisha sana. Leo usichelewe. Usije na yule.*

"Fundi paa hafurahishwi," akasema Gogo NyaKumwenda. "Fundi paa hulipwa."

"Labda ni kweli fundi," akajaribu mke wa mzee wa kanisa. "Labda walipatana bei nzuri."

"Na huyu yule ni nani?"

"Yule ni mimi!" akasema NyaHara. "Mimi niliyemzalia watoto watano leo nimekuwa yule."

Khumbo akainua chaki. "Akina mama, ngojeni kidogo. Maneno tumeyasoma, sawa. Lakini maana inategemea nani anamwambia nani, na kwa nini. Yule anaweza kuwa mtu yeyote..." Alikuwa anaongea na mabenchi. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutoka nje, na Gogo NyaKumwenda alikuwa amepitia nyumba ya karibu akachukua mchi.

"Wa nini huo, gogo?" Khumbo akauliza akimkimbilia.

"Wa kutembelea."

Walimwona Yotamu mbele akikatiza kwenye mashamba ya tumbaku, shati safi, hatua za mtu anayechelewa. Wakamfuata wakiinama. Khumbo naye akafuata akiinama, akijiambia kwamba yuko pale kuzuia damu isimwagike, ingawa kwa kweli hata yeye alitaka kujua. Yotamu akavuka kijito, akapanda mteremko, akaingia katika ua wa NyaMunthali.

NyaHara akasimama ghafla hadi wa nyuma wakamgonga. "NyaMunthali? Na miguu ile?"

NyaMunthali alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mkavu kama ubua wa mahindi. Nusu ya watu wazima wa bonde lile walikuwa wameonja fimbo yake, na nusu nyingine walikuwa wameacha shule kwa kuiogopa. Wanawake wakatazamana. Kisha, kutoka nyuma ya jiko la nyumba ile, sauti nzito za wanaume zikapanda pamoja:

"Ba. Be. Bi. Bo. Bu."

Wakatambaa hadi kwenye uzio wa nyasi, kila mmoja akatafuta tundu lake.

Nyuma ya jiko, juu ya magunia, waume wa Kazuwa walikuwa wameketi mistari miwili, magoti pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Yotamu alikuwa mbele. Katikati alikaa mkuu wa kijiji mwenyewe, kofia imewekwa gotini. Kwenye kona, binamu yake Yotamu, Zakeyo, alikuwa amelala mdomo wazi, anakoroma. NyaMunthali alipita katikati yao na fimbo.

"Yotamu! Soma."

"Ka-ra-nga za-ngu zi-me-i-va," akasoma Yotamu, bila kukosea hata silabi moja. NyaMunthali akachota karanga chache za kukaanga kutoka kwenye sahani, akamwekea kiganjani. Yotamu akazitafuna kwa fahari kubwa.

"Maana yake nini?"

Yotamu akaacha kutafuna. "Maana? Mwalimu ulisema tusome."

NyaHara aliingia akipitia uzio, hakutafuta mlango.

Magunia yalitawanyika, wanaume wakasimama, mmoja akajaribu kuingia jikoni. Zakeyo pekee hakuamka. NyaHara akasimama mbele ya mumewe na mkono ule wenye maandishi uko hewani, ngumi imekunjwa. Lakini kile alichokuja kukipiga hakikuwapo. Palikuwa na Yotamu tu, mwenye maganda ya karanga mdomoni.

"Yotamu," akasema polepole. "Wewe hujui kusoma?"

Yotamu akatazama chini.

"Ulimwambia baba yangu ulifika darasa la sita!"

"Nilifika. Nilikuwa nampelekea maziwa mwalimu wa la sita."

"Na simu? Mwaka mzima nakuona unaitazama, unacheka. Ulikuwa unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu watu wenye simu hucheka," akasema Yotamu. "Ujumbe wenyewe nasomewa dukani. Mwenye duka ndiye aliyemwandika mwalimu kwa jina la Fundi Paa, nilimwomba aweke jina ambalo hutalishuku. Mwalimu hututumia mazoezi na maagizo kwa simu, kila mtu yake."

"Na huyu yule?"

Yotamu akamnyooshea kidole Zakeyo pale kwenye kona, na Zakeyo akakoroma kama aliyeitwa.

NyaHara akashusha mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mlianza kusoma, nyie. Unarudi nyumbani umejaa chaki, unasoma hadi pakiti ya chumvi. Nikawaza, siku moja atanipa kitu aniambie, Baba Suzgo, nisomee hapa. Nitafanya nini siku hiyo? Nitacheka?"

Hapo NyaHara akakaa chini juu ya gunia la mumewe. Wenzake walidhani analia, na machozi yalikuwepo kweli, lakini mabega yale yalitikisika kwa kicheko, na kicheko kikawapata wengine, hadi Gogo NyaKumwenda akauegemea mchi wake asianguke. Yotamu naye akaanza kucheka, kwa hofu kidogo, na safari hii alikuwa na sababu.

NyaMunthali hakucheka. Alimwelekezea Khumbo fimbo. "Wewe ndiye unayeandika mapenzi ubaoni?"

"Ndimi, mama. Na wewe ndiye unayewaimbisha na kuwalisha karanga? Nilijaribu hiyo. Wanajifunza kuimba."

"Wako wanajifunza kukisia. Wangu wanasoma."

"Wako wanatamka, mama. Wangu wanaelewa."

"Haya," akasema NyaMunthali, akachukua kipande cha mkaa, akageukia ukuta mweupe wa jiko lake na kuandika mstari mmoja mrefu. "Waanze wako."

Wanawake wakasogea. Waliona neno limeanza na *mb*, wakaona *mkuu*, ambalo walilijua vizuri, na kwa mbali wakaona *mbegu*. Wakanong'onezana. Wakati wa kupanda ulikuwa umefika, na serikali ilikuwa haijaleta mbolea.

"Mbolea ya mkuu imekuja pamoja na mbegu!" akatangaza Gogo NyaKumwenda, na wote wakapiga vigelegele.

"Mbolea gani?" akasema NyaMunthali. "Mnasoma njaa yenu hiyo. Sasa wangu. Mkuu, simama."

Mkuu wa kijiji akasimama, kofia mkononi, akakohoa. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza kutembea nacho ukutani, taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akikatia kesi.

"M-bu-zi wa m-ku-u a-li-ku-la m-be-gu za Nya-Ha-ra." Akageuka, akanyoosha kiganja apewe karanga.

"Vizuri sana. Hujakosea hata herufi. Maana yake?"

"Ah, maana tutaitafuta kesho," akasema mkuu.

Lakini wanawake hawakungoja kesho. Masikio yao yalikuwa yameipata sentensi nzima. Msimu uliopita karanga za mbegu za NyaHara, alizokuwa amezianika uani, ziliisha alasiri moja. Kesi ikapelekwa kwa mkuu, na mkuu akasikiliza pande zote, akaamua kwamba ni nyani.

"Mbuzi!" NyaHara akaruka juu. "Mbuzi wako! Umeyasema kwa mdomo wako mwenyewe!"

Mkuu akageuka tena ukutani. Kidole chake kikarudi mwanzo, kikatembea upya, haraka zaidi sasa, na midomo yake ikawa inachezacheza bila sauti. Walipomwona anafika mwisho, walijua ameelewa, kwa sababu alivaa kofia.

"Nilimwona kutoka hapa," akasema NyaMunthali, akipangusa mkaa mikononi. "Hakuna aliyeniuliza."

NyaHara alilipwa ndoo mbili za karanga za mbegu, na mkuu mwenyewe alizibeba. Khumbo na NyaMunthali waliendelea kubishana jikoni hadi maji ya chai yakakauka motoni. NyaMunthali alisema mtu hawezi kuelewa neno ambalo hajui linavyotamkwa. Khumbo akasema kulitamka bila kulielewa ni kazi ya kasuku. Mwishowe waligundua wote wawili wamekuwa wakiutazama ukuta uleule, mmoja upande wa kulia, mwingine upande wa kushoto. Wakakubaliana. Madarasa yakaunganishwa kanisani: kwanza NyaMunthali na silabi zake, halafu Khumbo na maneno ambayo watu wenyewe waliyaleta. Waume waliketi na wake zao benchi moja. Mume alipotamka, mke alisema maana. Wakikwama wote, walianza upya. Maneno ya mapenzi yalibaki ubaoni, kwa kuwa wanaume nao walitaka kujua jinsi yanavyoandikwa, na karanga zilibaki, kwa kuwa hakuna aliyekubali ziondolewe. Fimbo ya NyaMunthali peke yake ndiyo iliyokatazwa, ingawa alikuwa anakuja nayo na kuilaza mezani.

Baada ya mavuno akaja afisa kutoka wilayani kuwapima. Aliweka mkoba na simu yake mezani, akawapa kila mmoja karatasi, akapita akisikiliza. Yotamu alisoma aya nzima, akaieleza. NyaHara alisoma, akaieleza, akaikosoa. Zakeyo alisoma vizuri kuliko wote. Ilionekana alikuwa akisikia hata usingizini.

"Ajabu," akasema afisa. Akamvuta Khumbo kando. "Umetumia nadharia ipi hasa? Lazima niiandike."

Khumbo akafungua mdomo, akafikiria pipi, chungu, mkono wa NyaHara, ukuta wa jiko. Kabla hajapata pa kuanzia, simu ya afisa ikatetemeka mezani na kioo chake kikawaka. Gogo NyaKumwenda alikuwa karibu nayo kuliko wote. Akainama, akaweka kidole.

"U-ko wa-pi, m-pe-nzi," akasoma, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Ni-me-ku-ku-mbu..."

Afisa akaruka benchi, akainyakua simu. "Huyo ni mke wangu," akasema, jasho limemtoka.

"Hatujauliza, baba," akasema NyaHara.

Wote walifaulu, hakuna aliyeshindwa, na afisa hakukaa kula sima waliyomwandalia. NyaHara na Yotamu waliila wakiwa njiani kurudi nyumbani, sahani moja, wakibishana kama neno *mbu* lingeweza kusimama peke yake au linahitaji *zi*.